Kwa nini tumbaku nyingine huungua haraka na nyingine huzimika? Jibu linaanzia kwenye mfuko wa mbolea

Kila msimu wa kuagiza pembejeo unapofika, swali lile lile hurudi kwenye simu za studio yetu: kwa nini mkulima wa tumbaku anakatazwa kuweka mbolea ya mahindi kwenye tumbaku, wakati zote ni NPK na zote zina potasiamu? Wengine wanaamini ni njama ya kuwauzia mbolea ya bei ghali. Hewani tulijibu kwa dakika 5, na dakika 5 hazikutosha. Tumeona tuliandike jambo hili kwa urefu, ulisome kwa nafasi yako na umwonyeshe mwenzako kwenye simu.

Kulielewa vizuri inabidi tutoke kidogo Urambo, Kaliua na Chunya, twende kwenye bidhaa ambayo wakulima wengi wa tumbaku hawajawahi kuishika: biri. Biri ni ile sigara nene ya kahawia, isiyo na karatasi, inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku. Maarufu kuliko zote hutoka Cuba, hasa eneo la Vuelta Abajo katika mkoa wa Pinar del Río. Tumeichagua kwa sababu haina karatasi wala kichungi cha kuficha tabia ya jani. Jani likiwa baya, biri inazimika mkononi mwa mvutaji, naye anajua papo hapo.

Tuseme mapema, asije mtu akadhani tunaipigia debe. Biri si salama kuliko sigara ya kawaida. Biri moja kubwa inaweza kubeba tumbaku inayokaribia ile ya pakiti nzima ya sigara. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Hapa tunazungumza na mkulima anayeishi kwa zao hili na anayetaka kujua kwa nini jani lake limeshuka daraja.

Kuungua bila mwali

Tumbaku haiwaki kama nyasi kavu. Inaungua kama mkaa: kaa jekundu linasogea polepole, hakuna mwali, moshi unafuka. Mvutaji anapovuta, hewa huingia kwa nguvu na kaa hupanda joto hadi zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi. Akiacha, joto linashuka na kaa linabaki likijilisha lenyewe kwa hewa kidogo iliyopo.

Hapo ndipo penye mtihani. Kaa lisilopulizwa lina kazi mbili kwa wakati mmoja. Linatakiwa litoe joto la kutosha kukausha na kuunguza jani lililo mbele yake, na pia lipate hewa ya kuendelea kuishi. Likishindwa moja kati ya hayo, linazimika. Mama anayepika kwa jiko la mkaa analijua hili bila kufundishwa: mkaa wenye unyevu hauendi, jiko lililoziba majivu haliendi, na mkaa wa mti mgumu unakaa muda mrefu kuliko wa mti mwepesi.

Basi hata biri ni hivyo. Iliyosokotwa kwa kukaza sana haipitishi hewa. Inaungua polepole, mvutaji anahangaika kuvuta, mara imezima. Iliyolegea inapitisha hewa kupita kiasi, inaungua haraka na kwa joto kali, na moshi unakuwa mchungu. Unene nao una hesabu yake. Biri yenye kipenyo mara mbili ya nyingine haina tumbaku mara mbili tu. Kwa urefu ule ule ina mara 4. Ndiyo maana biri mbili zinazolingana urefu zinaweza kupishana sana muda wa kuisha.

Unyevu ni jambo jingine kubwa. Wenye kuhifadhi biri huziweka kwenye masanduku maalumu yenye unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 72 hivi. Chini ya hapo jani linakauka na kuungua mbio. Juu ya hapo, sehemu kubwa ya joto la kaa inapotea kwenye kukausha maji badala ya kuunguza jani. Ukiona biri inaungua upande mmoja na kuacha upande wa pili ukining'inia kama mtumbwi, mara nyingi upande ule ulikuwa na unyevu zaidi, au ulisokotwa kwa kukazwa zaidi, au mvutaji aliuwasha vibaya, au upepo ulipiga upande mmoja.

Na mvutaji mwenyewe? Huyo anaweza kubadilisha hesabu yote. Yapo mashindano ya kimataifa ambapo washiriki wote hupewa biri za aina moja, ndogo tu, na mshindi ni yule atakayeivuta kwa muda mrefu zaidi bila kuzima. Mtu wa kawaida angeimaliza ndani ya saa moja, lakini washindi huvuka saa 3. Sisi tunaona ni njia ya ajabu ya kutafuta kombe, lakini inaonyesha jinsi kaa la tumbaku linavyoweza kuishi kwa hewa kidogo sana, mradi jani lenyewe liwe zuri.

Jani la chini na jani la juu

Mkulima yeyote aliyevuna tumbaku anajua kwamba majani ya shina moja hayafanani. Ya chini ni membamba na mepesi. Ya juu ni mazito, yana mafuta na nikotini nyingi, kwa sababu ndiyo yaliyopigwa na jua na kupokea chakula kingi hasa baada ya kukata kikonyo cha ua.

Wacuba wameyapa majani hayo majina tofauti kulingana na kazi yake ndani ya biri. La chini wanaliita volado. Halina ladha kubwa lakini linawaka vizuri, na wanalitia kusaidia moto. La katikati, seco, ndilo la harufu. La juu, ligero, ni zito na kali, na linaungua polepole sana. Msokotaji hodari huweka ligero katikati kabisa ya biri, mahali penye joto kali, kisha huyazungushia mengine. Akiiweka ligero pembeni, biri itaungua mshazari.

Halafu kuna kuchachua. Baada ya kukauka, majani ya biri hupangwa kwenye marundo makubwa yakiwa na unyevu kidogo, nayo hujipasha joto yenyewe, kama vile rundo la samadi linavyofuka asubuhi ya baridi. Marundo hufumuliwa na kupangwa upya ili yasiungue. Amonia inatoka, ukali unapungua, na jani linalotoka hapo huungua kwa utulivu zaidi. Tumbaku yetu ya mvuke haipiti njia hiyo. Kazi yake kubwa inafanyika kwenye bani.

Chumvi mbili zinazogombana ndani ya jani

Sasa tufike tulipokuwa tunakwenda. Chukua majani mawili ya aina moja, yaliyovunwa sehemu moja ya shina, yaliyokaushwa sawa, yenye unyevu sawa. Ligusishe kila moja kaa la moto. Moja linaendelea kuungua kwa kaa linalotambaa taratibu hadi mwisho. La pili linafanya weusi pale ulipoligusa, linafuka kidogo, linazima. Tofauti hiyo huwezi kuiona kwa macho kabla ya kuwasha, maana imo ndani ya madini ya jani.

Katikati ya karne ya 19, mkemia Mfaransa Théophile Schloesing, aliyefanya kazi kwenye viwanda vya tumbaku vya serikali ya Ufaransa, alishughulika na swali hili hili. Alionyesha kwamba jani linalowaka vizuri ni lile lenye potasiamu iliyoungana na asidi za mmea wenyewe. Potasiamu ya namna hiyo husaidia kaa kuendelea kuungua kwa joto dogo zaidi. Ndiyo sababu hata karatasi za sigara hutiwa chumvi za aina hii viwandani ili ziungue sambamba na tumbaku, na ndiyo sababu shura, ambayo ni chumvi ya potasiamu na naitrojeni inayotengenezewa baruti, hutiwa kwenye tambi za fataki ili zisizime njiani.

Klorini hufanya kinyume. Ikiwa nyingi ndani ya jani, inaichukua ile potasiamu na kuungana nayo, na potasiamu iliyoungana na klorini haisaidii moto. Zaidi ya hapo, chumvi za klorini hunyonya maji kutoka hewani. Weka chumvi ya mezani wazi wakati wa masika uone inavyolowana. Jani lenye klorini nyingi linafanya vivyo hivyo ghalani. Kwa hiyo linagoma kuwaka kwa sababu mbili kwa pamoja, ya madini na ya unyevu.

Wataalamu wa tumbaku hupenda klorini isizidi asilimia 1 ya uzito wa jani kavu. Likikaribia asilimia 2 au kuzidi, uwezo wa kuungua unaporomoka. Klorini kidogo sana haina ubaya, tena inasaidia jani kuwa laini na lisivunjike ovyo. Shida ni kwamba tumbaku ni mmea mlafi wa klorini: ikiikuta kwenye udongo inaibeba karibu yote na kuipeleka kwenye majani, mahali pale pale unapovuna.

Mbolea ya mahindi inaingiaje hapa?

Potasiamu ya mbolea hutoka kwenye vyanzo viwili vikuu. Kimoja ni kloridi ya potasiamu, inayoandikwa MOP au KCl kwenye mfuko. Ni nafuu, ina nguvu, na kwa mahindi, mpunga au minazi haina tatizo. Karibu nusu ya uzito wake ni klorini. Cha pili ni salfeti ya potasiamu, inayoandikwa SOP au K2SO4. Ni ghali zaidi kuitengeneza, na haina klorini ya kuogopesha.

Mbolea nyingi za NPK za mazao ya chakula, kwa mfano 17-17-17, mara nyingi hutengenezwa kwa kloridi kwa sababu ya bei. Mbolea ya tumbaku inayosambazwa kwa wakulima wetu kupitia vyama vya msingi, ile ya 10-18-24, imekusudiwa zao hili, na potasiamu yake inatakiwa itoke kwenye salfeti. Namba tatu za kwenye mfuko zinakueleza una naitrojeni, fosforasi na potasiamu kiasi gani. Hazikuelezi potasiamu hiyo imekuja na nani. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na kwa kweli hatuwalaumu.

Tufanye hesabu. Mfuko wa kilo 50 wa 17-17-17, kama potasiamu yake yote imetoka kwenye kloridi, unabeba kilo 6 na zaidi za klorini. Huko North Carolina, Marekani, jimbo linalolima tumbaku ya mvuke kama ya Tabora, wakulima hushauriwa wasivuke kilo 13 hivi za klorini kwa ekari. Mifuko miwili tu ya mbolea ya mahindi kwenye ekari inakufikisha kwenye mpaka huo. Wa tatu unakuvusha. Ukiweka kloridi ya potasiamu yenyewe, mfuko mmoja wa kilo 50 una klorini zaidi ya kilo 20. Umemaliza mchezo kabla jani halijafika kiunoni.

Msikilizaji anaweza kusema: mimi siuzi biri, na mteuzi wa tumbaku sokoni hawashi jani langu kwa kiberiti. Ni kweli hawashi. Lakini jani lenye klorini nyingi linajitangaza mapema. Shambani linakuwa nene, laini kwa juu, linavunjika upesi, na kingo zake hujikunja kuelekea juu. Kwenye bani halitoi ule umanjano safi; linatoka na rangi chafu iliyofifia kama ya tope. Baada ya hapo linavuta maji ghalani, linalegea, linapata ukungu, harufu inabadilika. Mteuzi anaona rangi na kushika unyevu, na daraja linashuka. Wanunuzi wakubwa nao hupeleka sampuli maabara kupima nikotini, sukari na klorini, kwa hiyo hata lililopita kwa macho linaweza kugundulika baadaye, na jina la eneo lenu likaharibika kwa mnunuzi.

Mbolea siyo mlango pekee wa klorini. Maji ya kisima chenye ladha ya chumvi, yakitumika kumwagilia kitalu na miche, huileta. Samadi nayo huileta, maana mifugo hulamba chumvi na mkojo wao una chumvi. Samadi ina kosa la pili kwa tumbaku: inaachia naitrojeni polepole hadi mwisho wa msimu, wakati jani linapaswa kuanza kuiva. Naitrojeni ya kuchelewa inalifanya jani libaki la kijani, nene, lenye protini nyingi, na jani la namna hiyo nalo huungua vibaya. Huo ndio ubaya pia wa kurudia mbolea ya kukuzia kwa kuona mvua zinaendelea. Rafiki mkubwa wa mahindi anaweza kuwa adui wa tumbaku.

Upande wa pili wa kuungua polepole

Kuna mahali ambapo watu wanataka tumbaku izime. Sigara ya kawaida iliyoachwa kwenye godoro, kwenye majani makavu au kwenye nyumba ya nyasi inaweza kuendelea kuungua yenyewe kwa dakika nyingi, kwa sababu karatasi yake imetengenezwa isaidie. Jimbo la New York nchini Marekani lilianza mwaka 2004 kulazimisha sigara zenye mikanda ya karatasi nzito isiyopitisha hewa sana. Kaa likifika kwenye mkanda bila mtu kuvuta, linakosa hewa na mara nyingi linazima. Canada ilifuata mwaka 2005 na Umoja wa Ulaya mwaka 2011. Sigara hizo huzima mara nyingi, si mara zote. Kwa hiyo miezi ya kiangazi, pale nyasi za miombo zinapokuwa kama karatasi, kichungi kilichotupwa kando ya njia bado ni moto.

Kabla hujalipia mbolea

Piga picha ya maandishi ya nyuma ya mfuko kwa simu yako, si ya mbele tu. Tafuta herufi SOP, K2SO4 au neno lolote linalotaja salfeti. Ukiona MOP, KCl au kloridi, mfuko huo upeleke kwenye mahindi. Kama hakuna maandishi ya chanzo cha potasiamu, mwonyeshe picha hiyo afisa ugani au kiongozi wa chama chako cha msingi kabla ya kuufungua, maana mfuko uliofunguliwa haurudishwi dukani.

Ukitaka kujipima mwenyewe baada ya kukausha, lile jaribio la kaa ni la kweli na maabara hulifanya kwa namna yao. Chukua vipande vya majani kutoka mashamba mawili, viwe vya sehemu moja ya shina, viache mahali pamoja usiku mzima ili unyevu ulingane. Fanya nje, mbali na bani na mbali na nyasi. Gusisha kila kipande kaa jekundu, ondoa, halafu hesabu kaa linatambaa kwa muda gani kabla ya kuzima. Rudia kwa vipande 5 au 6, kwa sababu kipande kimoja kinadanganya. Halitakupa asilimia ya klorini, lakini tofauti kubwa kati ya mashamba mawili utaiona.

Na kama kloridi umeshaiweka? Hakuna dawa ya kuitoa ndani ya jani msimu huu. Ila klorini haishikamani na udongo kama fosforasi inavyoshikamana. Kwenye udongo wa kichanga, ambao ndio mwingi katika maeneo ya tumbaku, mvua nzuri huisukuma chini kupita mizizi. Panda mahindi kwenye kipande hicho msimu ujao, tumbaku ihamie kwingine, na majani ya kipande hicho uliyokwisha kuyavuna yafunge peke yake kwenye mtumba wake, usiyachanganye na mazuri.